Kibarua katika Mikarafuu Aliyoipanda Mwenyewe

Baba yangu alijifunza kusuka nywele akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la tatu, mdogo wangu Furaha hajaanza shule, na vichwa vyetu havikuweza kungoja mpaka apatikane mwanamke wa kuvihurumia. Alianza na cha Furaha kwa sababu, alisema, Furaha hana kioo. Alikuwa anajaribu ule mtindo wa mistari inayorudi kisogoni, twende kilioni, na mistari yake ilipinda kama njia ya kupanda Kinole. Wanawake waliokuwa wakienda mtoni walitua ndoo ili wacheke vizuri.

"Swamadi, hiyo ni twende kilioni kweli?"

"Hii ni tulikwenda tukapotea njiani," baba akajibu bila kuinua macho, na akaendelea kuvuta.

Baadaye akawa anasuka vizuri kuliko wengi waliomcheka, na mmoja wao alimletea binti yake usiku wa kuamkia Iddi. Baba alimsuka yule mtoto, akamwambia mama yake asubiri nje asije akacheka.

Jina lake ni Abdulswamad, lakini mlimani kote huitwa Swamadi. Yupo hai. Mjomba wangu Luqmani naye yupo hai, na ninafurahi kwamba yupo hai, maana kuna mambo ambayo mtu akifa anakuwa ameyakwepa. Nilikusudia kuandika habari za baba peke yake. Nimejaribu mara nyingi na kila mara mjomba ameingia bila hodi, kwa hiyo nimemwachia nafasi yake.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi nayo ni ya ukoo wa mama, lukolo, na mwangalizi wake ni mjomba. Mwanamume akioa huenda kulima kwa mkewe. Anakula alicholima, anaheshimiwa akijiheshimu, lakini ni mgeni. Mgeni hupanda mahindi na maharage, pengine na migomba akiombwa. Mti wa kudumu hapandi. Mti ni madai. Mwenye mti siku moja huja kudai na udongo ulioushika, na ndiyo maana ukoo humwangalia mkwe mwenye mche mkononi kama mtu aliyewasha kiberiti karibu na paa la nyasi.

Baba aliyajua hayo, kwa sababu naye ni Mluguru wa ng'ambo ya pili ya mlima, na kwao mjomba wake alikuwa mkali vilevile. Hata hivyo mwaka niliozaliwa mimi alishuka mpaka Mkuyuni, akarudi na miche ya mikarafuu imefungwa kwenye majani ya mgomba, akaipanda kwenye mteremko nyuma ya nyumba yetu. Watu walimwambia anajenga nyumba ya mtu. Akasema, "Mimi sipandi pangu. Nawapandia wenye kwao." Hesabu yake ilikuwa sahihi: mama alikuwa wa ukoo, mimi wa ukoo, na miti ingekuwa yangu na ya watakaonifuata. Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Aliomba ruhusa kwa bibi, mama yake mama, wakiwa wawili kibarazani wanamenya mihogo. Bibi akasema panda. Baba hakungoja mjomba awepo asikie. Aliona neno la mama mwenye ardhi linatosha, na kwa haki lilikuwa linatosha, lakini bibi akafa, kisha mama akafa, na neno lile likabaki kwa mtu mmoja tu ambaye alikuwa mgeni.

Mikarafuu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutoa vikonyo. Arobaini ya mama ilipokwisha, wazee walikuwa bado wameketi uwanjani, sahani hazijaoshwa, mjomba Luqmani akasimama. Alikuwa mdogo wa mama, na mdogo wa baba kwa miaka mingi. Mpaka siku ile alikuwa akimwamkia baba kila wakikutana.

"Shemeji," alisema, "aliyekuleta hapa ameshaondoka."

"Nimeona," baba akajibu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nachukua wanangu, nakwenda kwetu."

Mjomba akawageukia watu. "Wanangu! Wewe ni jogoo, Swamadi. Jogoo na vifaranga wapi na wapi?"

Watu walicheka. Wengi wao wameshakufa, lakini ninamkumbuka kila mmoja alikuwa amekaa wapi na alicheka namna gani.

"Na miti?" baba akauliza.

"Miti ipi? Mgeni hapandi mti. Kama kuna miti hapa, imeota yenyewe."

Baba aliondoka na kijifuko kimoja. Panga lake alitaka kulichukua, mjomba akasema panga limenolewa kwa jiwe la hapa. Furaha alimkimbilia mpaka kwenye kijito akarudishwa amebebwa begani, anapiga mateke.

Shule niliiacha bila mtu kuniambia niache, na Furaha hakuanzishwa. Msimu wa karafuu ulipofika tulikuwa chini ya miti tangu umande haujakauka, tunaokota, tunachambua, tunaanika kwenye majamvi. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi. Habari hizi zilimfikia baba kwao. Akarudi.

Nilimwona akipanda njia, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na nikadhani amekuja kupigana. Niliomba apigane. Badala yake alisimama mbele ya mjomba, akavua kofia, akaomba kazi ya kibarua.

"Kibarua cha nini?" mjomba akauliza, ingawa alikuwa ameelewa.

"Kuchuma. Watu wako wanavunja matawi. Mkarafuu mti mwepesi kukatika, na mtu akianguka kutoka juu utamzika wewe."

"Nikupe nini?"

"Usinipe kitu. Wasichana waende shule."

Mjomba alifikiri. Bado ninamwona akifikiri, anachokonoa meno kwa kijiti. Akakubali, kwa sharti kwamba baba alale kwenye banda la kuanikia, asiingie ndani ya nyumba aliyoijenga, na kila asubuhi kabla ya kupanda mti aje barazani kuamkia. "Kibarua humwamkia tajiri wake," alisema. "Hata kama tajiri ni mdogo."

Asiyekulia kwetu anaweza asielewe ukubwa wa jambo hili. Shikamoo hutoka chini kwenda juu: mtoto kwa mzazi, mdogo kwa mkubwa. Kumdai mkubwa wako shikamoo ni kumvua nguo. Na mimi nilikuwa jikoni kila alfajiri nikichochea moto, ukuta wa fito katikati yetu, nikisikia.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba, Swamadi. Umeamka salama?"

"Salama, tajiri."

Kisha ngazi kuegemezwa kwenye mkarafuu aliopanda mwenyewe. Tulikwenda shule. Madaftari yetu, sare zetu za kijani na nyeupe, mtihani wangu wa darasa la saba, vyote vilipatikana kwa maneno yale mawili, yaliyosemwa kila siku ya Mungu mpaka nikawa mwali. Siku za wageni mjomba alipenda kumwita baba atoke shambani ili amwamkie tena mbele yao.

Tangu jikoni pale nilitaka kitu kimoja. Nilitaka mjomba aende kwa baba, kwenye uwanja uleule, mbele ya watu, amwamkie. Wenzangu kwenye sijida waliomba pepo na waume. Mimi niliomba hilo. Nimesoma, nimeolewa, nimeachika, nimezika mtoto, na katika yote hayo ombi langu halikubadilika. Sikulificha wala sikulionea haya.

Nilipofaulu kwenda sekondari mjini, baba alitushusha wote wawili. Mjomba hakutuzuia, alikuwa ameshapata wanawe wa kuchambua karafuu. Tulipanga chumba Kihonda, wakati ule kukiwa bado na mapori kati ya nyumba na nyumba, na baba akawa mpakizi, baadaye mlinzi, kwenye ghala la Yusufali, mfanyabiashara wa nafaka. Asubuhi alitoka kazini, akapika uji, akatusuka, akalala tulipokwenda shule. Ugali wake ulikuwa na mabonge. Furaha alikuwa akiyaita "watoto wa ugali" na kuyapanga pembeni mwa sahani kwa ukubwa, na baba akimwambia ale kwanza wale mayatima.

Hakuoa tena. Wanawake walikuwepo, alikuwa mtu wa kofia safi na maneno ya kuchekesha. Jirani mmoja, mjane, alituletea vitumbua kwa muda mrefu bila sababu inayoeleweka. Nilipokuwa mkubwa wa kumuuliza, alisema, "Mke mpya naye ana kwao. Nitakuwa mgeni mara ngapi?"

Sikuwahi kumsikia akimsema mjomba vibaya. Alisikiliza mpira redioni na kuwatukana walinda mlango, lakini Luqmani hakumtaja. Kitu kimoja tu: pilau ya Iddi nyumbani kwetu haikutiwa karafuu. Alisema zinamkera tumboni. Mimi nilijua, na niliitia mdalasini na hiliki nyingi ili harufu isionekane pungufu.

Nilikwenda chuo, nikawa mwalimu wa jiografia, nikajenga palepale Kihonda. Baba akapata chumba chake chenye dirisha linaloutazama mlima. Kila asubuhi aliufungua upande mmoja wa dirisha tu, ule usioonyesha mlima.

Mwaka jana, mwanzoni mwa kiangazi, bajaji ilisimama getini. Akateremka kijana mrefu, akamshika mkono mzee aliyekuwa amebaki mifupa na koti. Sikumtambua mpaka aliponiita, "Sabra, mwanangu." Yule kijana alikuwa Yunusi, mwanawe wa mwisho. Walikuwa wamebeba mkungu wa ndizi na jogoo amefungwa miguu.

Baba alikuwa ameketi kwenye mkeka ukumbini, redio imefunguliwa tumbo mbele yake. Alipoinua macho akamwona mjomba mlangoni, mwili wake ulifanya jambo ambalo sidhani aliliagiza. Aliweka bisibisi chini, akaanza kujiinua kwa mikono, akasema, "Shika..."

"Baba!" nilipiga kelele. "Humu ndani mwangu, hapana."

Redio ilikuwa inakoroma. Baba akaketi taratibu. Mjomba akajifanya anatafuta mahali pa kuegemeza fimbo.

Nilimkaribisha kiti, nikamletea maji, maana heshima ya nyumba ni yangu. Akaeleza. Anaumwa, sukari imemla mguu. Ukoo utakaa baada ya mavuno ya mahindi kumchagua atakayeshika ardhi baada yake. Katika tumbo la bibi wanawake tuliobaki ni mimi na Furaha, kwa hiyo neno letu ndilo litakalosikika. Na Yunusi amejenga nyumba ya tofali katikati ya mikarafuu, ana mke, ana mtoto mchanga, tumwache akae.

"Mjomba," nikauliza, "Yunusi ni wa ukoo gani?"

Alijua ninakompeleka. "Wa mama yake."

"Na mama yake kwao wapi?"

"Tawa."

"Basi Tawa si mbali. Kuna bodaboda."

"Sabra! Kijana ndiye anayeipalilia miti ile."

"Miti ipi? Mimi nilisikia imeota yenyewe."

Yunusi akainua mkono kama mwanafunzi. "Dada, mimi sijakukosea."

"Hujanikosea, mdogo wangu. Na Furaha aliyebebwa begani pale kijitoni alikuwa amemkosea nani?"

Akauteremsha mkono. Walipoondoka, mjomba alisimama mlangoni akimtazama baba, midomo ikimcheza. Nikadhani sasa shikamoo itatoka. Akasema, "Haya, shemeji," akaenda zake.

Baba alirudia redio yake. Kisha akasema, "Umemtoa jasho mzee wa watu."

"Sijaanza."

"Unataka nini hasa, Sabra?"

Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia kabla. Nilimwambia habari za jikoni, ukuta wa fito, na sijida. Alisikiliza huku akigeuza skrubu moja kati ya vidole.

"Yalikuwa maneno tu," alisema.

"Basi na yeye ayaseme hayo maneno tu."

Alicheka, akakohoa, akarudia redio yake. Nilikuwa nimeshaanza kuosha vyombo niliposikia sauti yake kutoka ukumbini. "Nitakwenda. Lakini nataka kofia mpya."

Siku ya kikao tulipanda mapema, mimi, baba na Furaha aliyesafiri kutoka Iringa kwa ajili hiyo. Harufu ilitupokea kabla ya nyumba. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kila mahali, nyekundu zikigeuka hudhurungi, na miti ya baba ilikuwa imekuwa mirefu kiasi kwamba uwanja aliofukuziwa ulikuwa wote kivulini. Alisimama chini ya mmoja akaupiga kofi shinani, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake ubavuni. Kisha akaenda kukaa mwisho kabisa wa mkeka, mahali pa wageni.

Mzee Bartholomeo, mkubwa wa ukoo wetu kutoka kitongoji cha juu, ndiye aliyeendesha maneno. Watani wa ukoo walikuwepo, kama inavyotakiwa, ili pasiwe na mtu wa kununa. Na msemaji wao alikuwa Magdalena, mwanamke mnene wa Matombo ambaye ulimi wake haujawahi kulipa faini.

"Luqmani!" alianza kabla hata ya dua kupoa. "Ni wewe? Nikadhani wameweka kinyago cha kufukuzia nyani. Yule aliyekuwa akitembea uwanjani hapa kama vile mlima umejengwa na babu yake, wamemzika wapi?"

Watu wakacheka, na mjomba akacheka nao, kwa kuwa mtani hajibiwi kwa hasira.

Alipopewa nafasi alisema vizuri. Alisema dunia imebadilika. Alisema kwa sheria ya dini mtoto humrithi baba yake, na yeye ni Mwislamu.

"Sisi sote Waislamu hapa," Magdalena akadakia, "isipokuwa mimi na nusu ya hawa. Mbona shehe wenu mwenyewe analima kwa mjomba wake? Au dini imefika leo asubuhi na bodaboda?"

Mzee Bartholomeo akawatuliza, akasema desturi inajulikana na haikuanza leo: watoto wa mwangalizi ni wa ukoo wa mama yao, wanaweza kukaa iwapo wanawake wenye ardhi wamependa. Akatugeukia. "Sabra. Furaha. Semeni."

Furaha alinibana mkono. "Usimwonee huruma, dada," akanong'ona, akiwa anatabasamu kwa watu.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka mingi, mengine ya kupendeza sana, na yote yakawa hayana kazi. Nikasema kwa kifupi. Nikasema Yunusi namwona ni kijana mwema, na sina kisa naye. Mimi na mdogo wangu neno letu juu ya kukaa kwake tumeshampa mtu mwingine alishike. Tumempa aliyepanda miti hii. Anayetaka kibali aende kwake akaombe.

Uwanja ukavuma kama nyuki.

"Binti," Mzee Bartholomeo akasema, "mkwe hatoi kibali juu ya udongo wa ukoo. Haijapata kuwa."

"Hatoi udongo, babu. Udongo ni wetu. Anashika neno letu tu, kama unavyomshikisha mtu mtoto ukiingia shambani. Na namna ya kuomba mjomba anaijua, ndiye aliyetufundisha. Kibarua humwamkia tajiri wake."

Palikuwa na wazee wachache waliokuwepo siku zile. Niliona maneno yakiwafikia mmoja mmoja. Magdalena, ambaye hakuwepo ila alikuwa amesimuliwa, aliweka kiganja mdomoni.

Mjomba hakutembea mara moja. Alimtazama Mzee Bartholomeo, na yule akatazama pembeni. Akamtazama mke wa Yunusi aliyekuwa kwenye pembe ya nyumba ya tofali, mtoto mgongoni, khanga imefungwa vizuri, kama aliyekuwa tayari kuanza safari ya Tawa wakati huohuo. Nadhani hilo ndilo lililomwondoa mahali pake. Aliuvuka ule uwanja kwa fimbo, mguu mbovu ukiburuta, na njia ikawa ndefu kwa kuwa baba alikuwa amekaa mwisho kabisa.

Sitasema uongo. Niliufurahia kila mburuto wa mguu ule.

Akasimama mbele ya mkeka. "Shikamoo, shemeji."

Nilingoja. Nilikuwa na hakika ya kitakachofuata, maana namjua baba: angesema marahaba haraka, angemshika mkono, angemwondolea aibu kwa mzaha mmoja, na mimi ningelia, na mambo yangekwisha. Nilikuwa hata nimeshaanza kumlaumu kimoyomoyo kwa upole huo.

Baba aliinua mkono akaiweka sawa kofia yake mpya. Akatazama juu kwenye matawi. Hakujibu.

"Swamadi," Magdalena akasema, kwa sauti ndogo isiyo yake, "unaamkiwa."

"Shikamoo, kaka," mjomba akarudia.

Baba alikuwa anafuatilia kitu huko juu, ndege au tawi. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeketi peke yake kwenye baraza lake siku isiyo ya kazi. Mjomba alibaki amesimama, na hakuna aliyethubutu kumletea kiti.

Hatimaye baba akateremsha macho, yakampita mjomba, yakaenda nyuma yake. "Yunusi! Njoo hapa. Na mkeo aje."

Yunusi akaja nusu anakimbia, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba sana." Ilikuwa sauti iliyofika mpaka kijitoni. "Huyo mtoto wa kike au wa kiume? Wa kike? Basi kaeni. Jengeni hata ghorofa. Huyo akikua mtamhitaji mtu wa kumsuka, mje mniite."

Watu walicheka kwa nguvu kupita kiasi, kwa kufunguliwa. Mjomba alikuwa bado yuko palepale kati ya baba na mwanawe, kama nguzo ya nyumba iliyobomolewa.

Tulipokuwa tunateremka nilimuuliza, "Baba, mbona hukumwitikia?"

"Sikumsikia vizuri," alisema. Masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiona ndiye mwenye kisasi na yeye mwenye subira, na kwamba hatukuwa tumegawana hivyo. Alikuwa ametupikia, ametusuka, ametuchekesha, na chini ya hayo yote alikuwa amekalia kitu kizito kuliko changu, wala hakukitoa nje mpaka ilipokuwa hakuna mtoto ambaye kingemuumiza. Ninampenda kwa ugali wake na mabonge yake. Tangu siku ile ninampenda na kwa hilo pia.

Baada ya kikao hakutaka kurudi Kihonda. Tulimjengea chumba na baraza juu ya mteremko, na Yunusi ndiye aliyebeba tofali. Njia ya kwenda msikitini inapita hapo. Mjomba hupita kila siku anapoweza kutembea, na kila akipita husimama. Akisema assalaam alaykum, baba humjibu kikamilifu, na rehema na baraka, kwa sababu hiyo ni haki ya Mungu. Akisema shikamoo, baba haitikii. Mlima mzima unajua tofauti hiyo. Wapo wanaosema ni ukatili kwa mgonjwa. Wapo wanaopanga kupita pale saa ileile.

Mwezi uliopita shehe alinipigia simu. Akasema mimi ni mtu wa elimu, mzee Luqmani hana muda mrefu, na anakosa usingizi kwa ajili ya neno moja. Akaniomba nimsemeze baba. Nikasema nitapanda Jumamosi.

Nilipanda na sukari na betri za redio. Baba alikuwa barazani anachambua karafuu alizoletewa na Yunusi, binti mdogo wa Yunusi akitambaa pembeni ya jamvi. Nilikuwa hata sijaketi mjomba alipotokea njiani, safari hii ameshikiliwa na mkewe. Akasimama. Akanikuta na mimi nipo, na niliona kwenye macho yake kwamba alikuwa amesikia habari za simu.

"Shikamoo, kaka."

Vidole vya baba viliendelea: konyo huku, karafuu kule. Mjomba akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa naye maishani, kama mtoto aliye nje ya jikoni akisubiri aitwe ndani.

Nikamwamkia yeye, kama inavyonipasa. Kisha nikavuta jamvi karibu, nikaanza kuchambua.

Nilipokuwa naaga, baba aliniuliza kama shehe amenipa salamu zozote nimletee. Nikamwambia hakunipa.